Nairobi hadi New York ni masaa mangapi? Kisa cha mama mmoja, safari moja na majibu manne

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya familia yenyewe. Majina nimeyaondoa, mtaa nimeuondoa, tarehe na saa za tiketi nimezisogeza kidogo ila hesabu inabaki ileile. Mimi kazi yangu ni kukatia watu tiketi hapa Mombasa, na swali la "kutoka hapa mpaka pale ni masaa mangapi" naulizwa kila siku ya Mungu. Watu wanadhani ni swali la jibu moja. Kisa hiki kinaonyesha kwa nini si hivyo, na kwa nini kwa mgonjwa wa sukari tofauti ya majibu hayo inaingia mpaka kwenye sindano yake.

Usuli

Msafiri ni mama wa miaka sitini na kitu, nitamwita Bi Mkubwa kama wanavyomwita nyumbani kwake. Ana sukari ya muda mrefu, anapiga insulini ile ya mara moja kwa siku, saa tatu usiku kila siku, na asubuhi anameza kidonge cha presha. Magoti yanamsumbua. Kizungu anaelewa kidogo ila kuongea hapendi. Hajawahi kupanda ndege ya mbali, safari yake ndefu kabla ya hapo ilikuwa hija.

Binti yake anaishi New Jersey, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka JFK, uwanja wa ndege wa New York, na alikuwa anakaribia kujifungua mtoto wa kwanza. Akaomba mama aende akae naye miezi kadhaa, kuanzia Februari. Viza ikatoka. Kaka mtu yuko Mombasa na ndiye aliyekuwa anapanga safari, alafu kuna mjukuu wa chuo anayejua mambo ya simu, na shemeji kule Marekani ambaye ndiye wa kwenda kumpokea.

Hao wote wako kwenye grupu moja la WhatsApp, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuchanganyika.

Majibu manne

Binti aliuliza tu, mama atakaa hewani masaa mangapi, ili ajue mambo ya dawa na chakula.

Kaka akaangalia tiketi: ndege inaondoka Nairobi 23:55, inafika New York 06:55 ya kesho yake. Akajibu masaa saba. Mjukuu akasema haiwezekani, akaandika kwenye simu umbali wa miji miwili, akapata kama kilomita 11,830, akagawa kwa kilomita 900 kwa saa kwa sababu alisikia ndege kubwa zinaenda hivyo, akasema ni masaa kumi na tatu na kitu. Shemeji akafungua apu ya kufuatilia ndege, ikamwambia masaa kumi na tano. Na binti mwenyewe, ambaye amewahi kuifanya hiyo safari, akasema nyie wote mnanichekesha, kutoka mlango wa nyumba ya mama mpaka mlango wangu ni zaidi ya masaa thelathini.

Kaka akaja kwangu na simu mkononi akisema hawa wananibishia na tiketi iko wazi. Nikamwambia tiketi iko wazi kweli, ila saa iliyoandikwa ya kuondoka ni ya Nairobi na ya kufika ni ya New York, kila mji na saa yake. Februari New York iko nyuma yetu masaa nane. Kwa hiyo ikifika kule 06:55 asubuhi, hapa Mombasa ni 14:55, yaani karibu saa tisa mchana. Sasa hesabu kutoka 23:55 usiku mpaka 14:55 mchana. Ni kumi na tano kamili.

Alinyamaza alafu akasema, basi yale masaa saba nishamwambia daktari.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza lilikuwa ni njia gani. Ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi mpaka New York imekuwepo tangu Oktoba 28, 2018 Kenya Airways walipoianza, kabla ya hapo ilikuwa lazima uunganishe mahali. Kaka alitaka apitie Dubai kwa sababu siku hiyo bei ilikuwa chini, na sikumlaumu, tofauti ilikuwa ya maana. Nikamuonyesha kilomita. Nairobi mpaka Dubai ni kama 3,550, Dubai mpaka New York ni kama 11,000, jumla unapita 14,500, yaani karibu kilomita 2,700 zaidi ya njia ya moja kwa moja, kwa sababu unaanza kwa kwenda kaskazini mashariki wakati unakokwenda ni magharibi. Hewani ni kama masaa matano na mengine kumi na nne, ukiongeza kusubiri pale kati unafika ishirini na kitu. Kwa kijana ni sawa kabisa. Kwa mama wa magoti mabovu asiyeongea Kizungu, kubadilisha ndege kwenye uwanja mkubwa ule usiku wa manane ni mzigo.

Kulikuwa pia na njia ya London, na hii huwashangaza watu: kwa kilomita inazidi kidogo tu. Nairobi–London ni kama 6,840, London–New York kama 5,550, jumla unapata kama 12,400. Ukichukua tufe la shuleni ukavuta uzi kutoka Nairobi mpaka New York utaona uzi haukati Kongo na kuvuka bahari kama ramani ya ukutani inavyodanganya, unapanda juu: Sudan Kusini, Chad, Niger, Algeria, Morocco, ndiyo unaingia Atlantiki. Ndiyo maana Ulaya siyo kuzunguka sana na Ghuba ni kuzunguka. Lakini hata London ni kubadilisha ndege, kwa hiyo familia ikaamua kulipa zaidi waende moja kwa moja. Binti na shemeji walichangia ile tofauti.

La pili lilikuwa Mombasa mpaka Nairobi. Angani ni kama kilomita 420 na ratiba huwa zinaweka kama saa nzima. Kaka alitaka ndege ya jioni, tiketi ya peke yake, ifike JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, masaa mawili na nusu kabla ya ile kubwa kuondoka. Hapo nilikataa kwa nguvu. Tiketi mbili zilizokatwa mbalimbali hazijuani, ile ya kwanza ikichelewa ile ya pili haikusubiri, na hela yako inaweza kupotea yote. Ikachaguliwa treni ya SGR ya asubuhi inayofika Nairobi mchana. Ni masaa karibu sita, sawa, lakini stesheni yake iko Syokimau, karibu na uwanja wa ndege, na kuna jamaa yao anaishi upande huo. Mama alipumzika, akaoga, akaswali, akala, akapelekwa uwanjani saa mbili usiku.

La tatu ndilo zito, dawa. Kaka alirudi kwa daktari na hesabu mpya, na huyo daktari Mungu ambariki, alichukua karatasi akaandika ratiba nzima. Mpango wake ulikuwa rahisi: sindano isihame. Saa tatu usiku ya Mombasa ni saa saba mchana ya New York wakati huo wa Februari, kwa hiyo mama akiwa kule apige saa saba mchana kila siku, basi kila masaa ishirini na nne yanatimia bila kuruka na bila kurundika. Kidonge cha presha alisema kwa hali ya mama huyu kinaweza kuhamia asubuhi ya kule bila shida. Akaandika pia barua ya uwanjani kwamba mgonjwa anabeba sindano na insulini, na akasisitiza insulini isiende kwenye begi la chini la ndege kwa sababu kule inaweza kuganda, ikae kwenye mkoba wa mkononi. Mwishoni mwa karatasi akaweka mstari wa nini cha kufanya ikichelewa. Ule mstari ulikuja kuwa muhimu.

Mengine yalikuwa madogo. Kiti cha pembeni karibu na njia ili aweze kusimama na kutembea, kiti cha magurudumu pande zote mbili, chakula cha mgonjwa wa sukari kikaombwa mapema. Sambusa za nyama alizokaanga mwenyewe tulimwambia azimalize Nairobi kwa sababu Marekani hawaruhusu kuingia na nyama. Zile za dengu alibeba, akaambiwa akiulizwa aseme anazo.

Ilivyokwenda

Alitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi. Treni poa. Saa tatu usiku akiwa uwanjani JKIA akapiga sindano yake chooni, mjukuu aliyemsindikiza akiwa nje kwenye simu, kabla hajaingia ukaguzi wa mwisho. Ndege ikaondoka karibu na muda wake.

Njiani alitembea, alikunywa maji, miguu ilivimba kidogo ila si vibaya. Alikaa karibu na dada mmoja wa Kisumu aliyemtafsiria. Kutua ilikuwa karibu na saa iliyoandikwa. Shemeji alikuwa amepanga kufika uwanjani saa moja asubuhi, lakini binti akamwambia mtu hatoki kwenye ndege akatokea mlangoni, kuna foleni ya uhamiaji, kuna mabegi, kuna forodha. Akatoka nyumbani baadaye akifuatilia kwenye apu, na mama alitokea kama saa mbili na nusu asubuhi. Kile kiti cha magurudumu kilisaidia sana maana anayesukuma anajua njia na anajua foleni ipi. Nyumbani wakafika saa nne na nusu asubuhi. Kwa saa ya Mombasa hiyo ni saa kumi na mbili na nusu jioni, masaa thelathini na sita na nusu tangu afunge mlango wake. Binti alikuwa sahihi.

Akala, akalala.

Sasa sikiliza. Mjukuu alikuwa ameweka alamu kwenye simu ya bibi yake, saa tatu usiku, kila siku. Hewani simu ilibaki na saa ya Nairobi. Ilipotua na kushika mtandao ikajibadilisha yenyewe kuwa saa ya New York, kama simu zote zinavyofanya, na alamu ikahama nayo. Saa saba mchana ya kule ikafika na simu kimya, kwa sababu kwa simu saa tatu usiku bado ilikuwa mbele masaa nane. Mama amelala fofofo. Binti tumbo kubwa naye amelala, anajua alamu ipo.

Aliyeokoa ni kaka. Saa saba usiku Mombasa aliamka, usingizi hauji, akatazama picha ya ile karatasi ya daktari kwenye simu yake, akapiga. Kule ilikuwa saa kumi na moja jioni. "Mama amepiga sindano?" Binti akashtuka. Ilikuwa imeshachelewa masaa manne. Wakapima, sukari imepanda ila siyo kiwango cha kutisha, wakafuata ule mstari wa mwisho wa karatasi na binti akampigia mfamasia wa duka la dawa la karibu yake kuhakikisha wanaelewa sawa. Akapiga. Kesho yake asubuhi sukari ilikuwa imerudi, na sindano zilizofuata wakazirudisha taratibu kwenye saa saba mchana kama daktari alivyoelekeza.

Kurudi

Mtoto alizaliwa salama, mama akakaa mpaka mwisho wa Aprili. Tiketi ya kurudi ilisema inaondoka New York 12:25 mchana na kufika Nairobi 09:25 kesho yake asubuhi. Grupu likawaka tena, masaa ishirini na moja! Mbona kwenda ilikuwa kumi na tano?

Safari hii kaka alihesabu mwenyewe kabla hajaja kwangu. Wamarekani wanasogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, sisi hatusogezi, kwa hiyo Aprili tofauti ni masaa saba. 12:25 ya New York ni 19:25 ya Nairobi. Kutoka hapo mpaka 09:25 asubuhi ni masaa kumi na nne. Saa moja pungufu ya kwenda.

Sindano yake wakati huo ilikuwa saa nane mchana ya kule, maana saa zilipohama Machi walimuuliza daktari na akasema waisogeze ili ibaki saa tatu usiku ya nyumbani. Hiyo saa nane ilimkuta hewani, saa moja na nusu hivi baada ya kuruka. Alipiga kwenye kiti chake, saa ya mkononi ikiwa tayari ameirudisha Mombasa kabla ya kupanda.

Uchambuzi

Majibu yote manne kwenye grupu yalikuwa na maana yake, na shida ilianza pale mtu alipochukua jibu la swali moja akalitumia kwa swali jingine. Masaa saba ni pengo la kalenda, linakusaidia kumwambia mtu aje kukupokea lini na basi. Kumi na tatu ni umbali ukigawa kwa mwendo wa ndege ikiwa juu imetulia. Kumi na tano ndiyo mwili unakaa kwenye kiti. Thelathini na sita ndiyo uchovu. Kaka alimpelekea daktari lile la kalenda, na kama daktari angepanga dawa kwa safari ya masaa saba, karatasi nzima ingekuwa mbaya.

Hesabu ya mjukuu naiheshimu kwa sababu alifikiri, lakini ilikosa vitu vitatu. Ndege haiendi 900 tangu ikiwa ardhini, kuna kutembea kwenye njia za uwanja, kupanda na kushuka, na ratiba inahesabu kuanzia inaposukumwa mpaka inaposimama. Kwenye safari fupi hii inaonekana wazi, Mombasa–Nairobi kilomita 420 kwa hesabu yake ingekuwa nusu saa, ratiba inasema saa nzima. Pili, ndege haifuati ule uzi wa tufe sawasawa, inapinda kwa anga zilizofungwa na kwa hali ya hewa. Tatu ni upepo. Juu kule kwenye Atlantiki ya kaskazini kuna mto wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi ndiyo una nguvu zaidi. Kwenda New York Februari unapigana nao, kurudi unakusukuma. Kwa kisa hiki wastani ulikuwa kama kilomita 790 kwa saa kwenda na 845 kurudi, njia ileile. Kwa hiyo mtu akikuuliza umbali wa miji miwili alafu akataka muda kutoka hapo, muulize kwanza anaelekea upande gani.

Watu huuliza pia kwa nini ndege hii inaondoka usiku. Sababu za ratiba ziko nyingi, lakini moja naipenda: JKIA iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa yake nyepesi, na ndege yenye mafuta ya masaa kumi na tano ni nzito mno. Hewa ya usiku ya baridi inaibeba vizuri kuliko ya mchana wa jua.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote ni ule uamuzi wa daktari wa kushika saa moja tu, ya nyumbani. Ukienda magharibi siku yako inarefuka. Mama angefuata saa ya ukutani ya New York na kungoja saa tatu usiku ya kule, kutoka sindano ya uwanjani mpaka inayofuata yangekuwa masaa thelathini na mbili. Ukienda mashariki siku inafupika, na hii ndiyo inanitisha zaidi: kama angekuwa amezoea saa tatu usiku ya New York alafu akarudi akapiga saa tatu usiku ya Mombasa, yangekuwa masaa kumi na saba tu, dozi mbili zimekaribiana, na sukari kushuka kwa mama wa umri ule aliye peke yake hewani ni hatari kuliko kupanda kidogo. Hii ilikuwa ratiba ya mama huyu na insulini yake. Wako wanaopiga mara mbili, wako wa aina nyingine kabisa, kila mmoja aende na tiketi yake kwa daktari wake na aseme masaa ya kwenye kiti na tofauti ya saa ya miji miwili.

Kilichofeli ni kwamba mpango mzuri uliwekwa mikononi mwa kifaa kimoja ambacho hakujua mtu kwamba kinabadilika chenyewe. Karatasi ilikuwa sahihi, alamu ilifuata mji. Na hakukuwa na mtu aliyepewa kazi ya kuangalia ile sindano ya kwanza baada ya kutua, kila mmoja aliamini mwenzake au simu. Ni bahati kaka aliamka. Ningependa isiwe bahati. Sasa kwa wasafiri wangu wenye dawa za saa maalum nasema waandike pembeni ya kila dozi saa mbili, ya hapa na ya kule, alamu iwekwe kwa saa ya kule mara tu simu ikishabadilika, na mtu mmoja kwa jina apewe dozi ya kwanza ya ardhini. Saa ya mkononi ya zamani isiyo na mtandao ibaki na saa ya nyumbani mpaka mwisho.

Kuhusu bei, familia hainung'uniki kulipa zaidi kwa safari ya moja kwa moja, na kwa mama huyu nami ningeamua hivyohivyo. Ila mdogo wa yule binti anataka kwenda Desemba, ana miaka ishirini na mbili, hana dawa wala magoti. Yeye nimemwambia apitie popote penye bei nafuu, mradi tiketi iwe moja mpaka mwisho, aulize mapema viza ya kupita ya nchi ya katikati, na kwenye kuunganisha asikubali chini ya masaa mawili.